Kamba Mikononi mwa Mkwe

Kwa miaka mitatu nilimjua mkwe wangu kwa kikohozi. Alikuwa akifika kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, anasimama nje ya lango, anakohoa mara mbili, nami naacha cherehani yangu barazani na kuingia ndani kabla hajafungua. Salamu zake zililetwa na binti yangu, zangu zikarudishwa na binti yangu, hata pale ambapo kati yetu kulikuwa na ukuta mmoja tu na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri. Hiyo ndiyo bukwe, heshima ya mkwe na mama mkwe. Hamtazamani usoni, hamgusani, hamli pamoja. Vijana wengi wa mjini wameiacha siku hizi, tena wanaicheka. Sisi hatukuiacha. Mama yangu aliishika, nami niliishika, na nikiri kwamba nilijivunia kuishika kuliko majirani.

Kwa hiyo anayenijua akisikia kwamba nimepanda ukuta wa mawe, kamba imefungwa kiunoni mwangu na upande wa pili wa kamba hiyo uko mikononi mwa mkwe wangu, atasema nimerukwa na akili. Nimeshaambiwa hivyo, tena mlangoni mwa kanisa. Acha nieleze ilivyokuwa.

Binti yangu alirudi nyumbani mwanzoni mwa kiangazi na begi moja. Miezi mitatu kabla ya hapo alijifungua kwa upasuaji, na mtoto akatoka bila kulia. Alipoamka kutoka usingizi wa dawa, mtoto alikuwa ameshazikwa. Kwetu mtoto ambaye hakulia hafanyiwi matanga. Hakuna viti, hakuna nyimbo, majirani wanapita kimya. Mumewe ndiye aliyekwenda kuzika, yeye na mzee mmoja wa upande wao. Akarudi, akanyamaza. Wiki zikapita, bado amenyamaza. Na kila Jumapili alibeba mfuko wake wenye kamba, akaenda kupanda mawe, mchezo wa kukwea miamba, barabara ya Kipushi, kama alivyokuwa akifanya tangu ujana wake, utadhani hakuna kilichotokea.

"Mama, ile muntu moyo yake iko jiwe," binti yangu aliniambia. "Minamuuliza juu ya mutoto, anaangalia chini. Siwezi kuikala na muntu wa vile."

Wazee wa pande zote mbili walikaa. Mkwe akaitwa, akaulizwa ana neno gani. Akasema hana. Wakampa mwezi mmoja: wakikutana tena na bado hana neno, ndoa ivunjwe. Binti yangu alikubali kwa kichwa tu, kisha akaingia ndani akalala amegeukia ukuta. Alikuwa bado anampenda, hilo mama haambiwi. Alikonda mpaka nguo nilizomshonea mwenyewe zikawa zinamvuka mabegani, na kila nilipokaa kuzipunguza hasira ilinipanda upya. Nilimkasirikia mwanamume yule, nikayakasirikia na mawe yake.

Kumuuliza mwenyewe sikuweza. Bukwe hairuhusu. Basi nikasema, kama siwezi kumwona mtu, nikaone hayo mawe.

Nilikwenda Jumapili baada ya misa ya kwanza, binti yangu nimemwambia nina mazoezi ya kwaya. Mahali penyewe ni machimbo ya zamani, watu husema karieri. Yameachwa miaka mingi, nyasi zimeota mpaka katikati, na upande mmoja umebaki ukuta wa jiwe la kijivu, mrefu kupita nyumba ya ghorofa tatu. Nilikuta vijana wanne: wanafunzi wawili wembamba wa chuo kikuu, msichana mmoja anayefundisha kemia shuleni, ambaye ndiye aliyewaongoza, na mkwe wangu. Aliponiona alitoweka nyuma ya kichaka, kisha nikamsikia anakohoa upande wa mbali kabisa wa ukuta. Nilifurahi kwamba bado ana adabu, na papo hapo nikaudhika kwamba mtu aliyemliza mwanangu ana adabu.

Nilikuja kutazama tu, naapa. Atakayeuliza kwa nini mtu aliyekuja kutazama tu alikuwa amevaa suruali ya marehemu mumewe chini ya kikwembe, kitenge cha kujifunga, nitamjibu kwamba mwezi wa sita Lubumbashi kuna baridi asubuhi.

Nilikaa juu ya jiwe, mkoba magotini, nikamwangalia yule msichana akipanda. Kamba imepitishwa kwenye pete ya chuma kule juu. Upande mmoja umefungwa kwa anayepanda, upande wa pili anaushika mwenzake aliye chini. Wa juu anavyoinuka, wa chini anavuta, ili kamba isilegee. Wa juu akiteleza, wa chini anamzuia. Nilielewa upesi, si jambo la ajabu. Lakini mmoja wa wale wanafunzi aliniona ninavyokodoa macho, akatabasamu, akasema: "Mama, hii kazi haiko ya bamama."

Laiti angenyamaza. "Haiko ya bamama? Na weye, ulitokea ndani ya nani?" Nikaweka mkoba chini.

Msichana wa kemia hakucheka. Aliniletea mikanda wanayoiita bodrie, ya kuzunguka kiuno na mapaja, ambayo kamba hufungwa mbele yake. Nilikagua kwanza mshono, maana kushona ndiyo kazi yangu na sivai kitu nisichokikagua. Ulishonwa kwa uzi mnene, ukarudiwa na kurudiwa tena. Nikasema sawa. Akanifundisha fundo: unachora namba nane kwa kamba, unairudia njia ile ile mpaka nane ziwe mbili zimelaliana. Hilo nililipata mara ya kwanza, na wale wanafunzi wakatazamana.

Hapo ndipo ujuzi wangu ulipoishia. Kikwembe nilikataa kukivua, nikapanda nacho. Hatua ya tatu nilikikanyaga mwenyewe, nikabaki nimeng'ang'ania ukuta, siwezi kwenda juu wala kurudi chini.

"Mama, mutoshe ile kikwembe," msichana alisema kutoka chini, kwa upole sana. Nilikivua kwa mkono mmoja, kikaanguka, na mimi nikawa mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyesimama hadharani na suruali ya mwanamume. Nilitazama huku na huku. Karieri nzima haikujali.

Nilidhani kupanda ni mikono. Mikono yangu ina nguvu, imekata vitambaa maisha yake yote, lakini kabla ya kufika juu ya kichwa cha msichana yule ilikuwa imeisha, na vidole vikaanza kufunguka vyenyewe. "Miguu, Mama," aliniambia. "Muamini miguu." Nitafute mahali padogo pa kukanyaga, niweke ncha ya kiatu, kisha nisimame tu, kama mtu anavyonyanyuka kitini. Nisiukumbatie ukuta, maana anayeukumbatia haoni pa kukanyaga. Nishushe visigino. Nipumue. Hilo la kupumua lilinishangaza, kumbe nilikuwa sipumui. Nilisimama juu ya jiwe lililojitokeza kiasi cha kidole gumba, likanibeba, na sijui niseme nini zaidi ya kwamba nilifurahi kama sijafurahi tangu mume wangu afe.

Kisha nikateleza. Mimi si mtu mdogo, na msichana wa kemia, aliyekuwa ameishika kamba chini, ni mwembamba kama wale wanafunzi. Kamba ilinizuia, lakini nilivyoshuka, yeye aliinuka kutoka ardhini. Tukakutana katikati, mimi nashuka naye anapanda, tukatazamana. Akaniambia: "Bonjour, Mama." Nilicheka mpaka nikalegea.

Jumapili ya pili nilirudi, na niseme ukweli, nilirudi kwa ajili yangu. Nilikuwa nimelala na ukuta ule kichwani. Vidole viliuma wiki nzima, kutunga uzi kwenye sindano ilikuwa shida, wateja wakaniuliza kama nina baridi yabisi. Lakini kila nilipomwona binti yangu ameketi na sahani ya bukari, ugali wetu, ambayo hakuigusa, nilikumbuka kilichonipeleka kule kwanza, na aibu ikanishika. Mwezi wa wazee ulikuwa unakwenda. Mkwe wangu nilikuwa sijasikia kwake chochote zaidi ya kikohozi.

Jumapili ya tatu msichana alijifunga na mfuko wa mchanga ili apate uzito. Haukusaidia. Nilipoteleza aliinuka yeye na mchanga wake. Akaketi chini, akasema polepole, akitazama viatu vyake, kwamba hapa kuna mtu mmoja tu mwenye uzito wa kunishika, na sote tunamjua.

Niliutazama ukuta mpaka juu. Nilitaka kufika juu. Pia, sijui kwa nini, nilitaka kujua mikono yake ikoje.

"Umuulize kama anaweza," nikamwambia.

Mkwe alikuwa hatua kumi kutoka pale, ametugeuzia mgongo. Msichana akamwambia: "Mama anauliza kama unaweza."

"Umuambie Mama, minaweza."

"Mama, anasema anaweza."

"Basi umuambie asiangalie juu. Hata kidogo. Macho yake ibakie chini."

"Anasema usiangalie juu."

"Umuambie sitaangalia."

Mwanafunzi mmoja alienda kukaa mbali ili acheke vizuri. Msichana alinifunga mwenyewe, akalikagua fundo mara mbili, akasema hapendi mpango huu, kwamba mwenye kushika kamba kazi yake ya kwanza ni kutazama. Nilimwambia awe na heshima. Akanyanyua mikono, akawachukua wale vijana upande wa pili kuwafundisha jambo lao. Mimi nikaugeukia ukuta, nikasikia nyuma yangu hatua za mtu mzito zikija, zikisimama. Kamba ikakaza kidogo kiunoni. Nikaanza.

Nilipanda siku ile kuliko siku zote. Kamba ilikuwa na uhai ambao haikuwa nao mikononi mwa msichana. Nikiinuka inaninyanyua, nikisimama inasimama. Nilipita mahali nilipoangukia Jumapili mbili, nikapita ufa mpana uliokuwa ukiniogopesha. Juu yake palikuwa na kingo ya kukanyaga kwa miguu yote miwili, nikapumzika. Nikajaribu kulia, pakanishinda. Nikarudi hatua moja chini, nikapanda tena kushoto. Na kwa kuwa aliyeshika hakuniona nikienda na kurudi, alikisia kwa mikono tu, akatoa kamba wakati wa kuivuta. Kitanzi kizima kilining'inia mbele ya magoti yangu. Sikukitazama. Nilikuwa natazama juu.

Nilipoteleza, nilianguka urefu wa mtu mzima kabla kamba haijanishika. Goti liligonga jiwe. Suruali ya marehemu ikapasuka, na damu ikatoka.

Hofu yote iligeuka hasira kabla sijaacha kubembea. "Weye!" nilipiga kelele. Ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia mkwe wangu mimi mwenyewe. "Uko unalala?"

"Apana, Mama."

"Kamba inalegea juu ya nini?"

"Sikuona, Mama. Mulisema nisiangalie."

Niliendelea kuning'inia pale, pua karibu na jiwe. Alikuwa amesema kweli tupu. Nilimpa uhai wangu aushike, nikamkataza kuutazama, naye akainamisha macho akatii, huku kila mtu pale akijua kwamba hivyo ndivyo watu wanavyovunjika miguu. Mtu wa namna hiyo hana moyo wa jiwe. Nilijisikia vibaya sana.

"Basi angalia," nikasema. "Ni miye ninasema. Angalia."

Kisha kamba ikakaza, imara, bila kusitasita, na sauti yake ikaja kutoka chini, ya utulivu kuliko nilivyotegemea. "Kuko fasi ya muguu, Mama. Kuume, karibu na goti. Ni kadogo, lakini kanabeba."

Niliitafuta, nikaipata, nikasimama. Akanionyesha ya pili, na ya tatu. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo katika miaka yote ya kuingia ndani na kutoka sikuwahi kulifikiria. Uso wangu uko kwenye jiwe. Yeye yuko chini nyuma yangu. Hanioni usoni, simwoni usoni, na tunaongea. Vijana wengine walikuwa mbali. Nikashika vizuri, nikauliza jiwe lile lililokuwa mbele yangu kwa nini anamnyima mkewe neno:

"Juu ya nini hausemi na bibi yako?"

Kamba ilisogea kidogo, kisha ikakaza tena.

"Mama, mulinikataza."

"Miye?"

"Siku ya kuzika. Mulituma mama mukubwa. Akaniambia: Mama anasema, bibi yako asijue kitu juu ya mutoto. Kama alikuwa mwanaume ao mwanamuke, sura yake, fasi tulimuzika. Hata akiuliza, usiseme. Juu tumbo yake isifunge."

Nikakumbuka. Ilikuwa kwenye veranda ya hospitali, binti yangu bado yuko katika usingizi wa dawa, mimi natafuta ndoo ya maji, dada yangu mkubwa yuko mlangoni anakwenda kwa mkwe wangu aliyekuwa nje akijiandaa kwenda kuzika. Nilimtupia maneno yale kwa haraka kwa sababu ndiyo niliyoyasikia kwa mama yangu, na mama yangu kwa mama yake, kwamba anayemjua mtoto wake aliyekufa hashiki mimba tena. Kufika jioni nilikuwa nimeyasahau. Yeye alikuwa ameyabeba miezi minne. Aliyabeba mbele ya mkewe akimlilia, akayabeba mbele ya wazee wakimwuliza ana neno gani, na angeyabeba mpaka wavunje ndoa yake.

"Nilitaka kusema, Mama," alisema. Alikuwa analia sasa, nilimsikia, na kamba haikulegea hata kidogo. "Kila siku. Njo maana ninakuja huku, juu huku hakuna muntu ananiuliza. Mutoto alikuwa..."

"Nyamaza!" Kisha nikashusha sauti. "Haiko miye wa kuambiwa wa kwanza. Ni yeye."

Niliweka paji la uso kwenye jiwe, nikalia pia. Nililia kwa mtoto ambaye hatukumlilia, na kwa upumbavu wangu, na mikono ilikuwa na kazi ya kushika kwa hiyo sikuweza kufuta machozi, yakashuka tu. Juu sikufika. Zilibaki labda hatua sita. Nilimwambia anishushe, akanishusha taratibu mno, kama mtu anayeteremsha sahani za udongo. Miguu ilipogusa chini nilibaki nimeutazama ukuta. Nilimwambia aje kwetu saa tisa. Akasema ndiyo Mama, akaondoka kabla sijageuka.

Binti yangu nilimkuta uani. Aliona goti, akashtuka, akataka kuleta maji, nikamwambia akae. Nilimweleza yote, bila kujipamba. "Ni miye nilimufunga kinywa," nikasema. Alinitazama. Nilikuwa nimemshika mkono, akautoa.

"Mama, miezi nne ninamuchukia," alisema. "Miezi nne."

Sikumwomba anisamehe palepale. Lingekuwa jambo jingine la kumwamuru. Nilimwacha uani, nikaenda kuosha goti langu peke yangu.

Saa tisa mumewe alipofika nilikuwa nyuma ya nyumba, natwanga sombe, majani ya muhogo. Nilisikia lango, nikasikia viti viwili vikiburutwa barazani. Mwanzo sauti ilikuwa moja, ya binti yangu, maneno machache. Kisha ya mumewe, na hiyo ilikwenda muda mrefu, ikikatika na kuanza tena. Nilitwanga kwa nguvu ili nisisikie. Sombe ile ilikuwa imeshalainika zamani, nikaendelea kuitwanga. Kisha nikamsikia binti yangu analia, si kilio cha ukutani alichokuwa analia mwezi ule, bali kilio cha matanga, kwa sauti, mdomo wazi, na jirani mmoja akachungulia juu ya uzio. Nilimwacha achungulie.

Baada ya muda binti yangu alikuja kwangu. Macho yalikuwa yamevimba. Mkononi alikuwa na simu ya mumewe.

"Alikuwa mwanamuke," aliniambia. "Anasema iko na nywele mingi. Na alimupatia jina, kule kwenye kuzika, yeye mwenyewe. Lakini nilimuuliza jina gani, hawezi kulisema. Akaandika."

Akanipa simu. Nilifuta mikono kwenye kikwembe, nikasoma. Lilikuwa jina langu.

Mkwe hatamki jina la mama mkwe wake. Hata akikutana na mwanamke mwingine mwenye jina hilo sokoni, atatafuta namna nyingine ya kumwita. Alimpa mwanawe jina ambalo asingeweza kumwita nalo hata kama mtoto angeishi, au pengine angesubiri mpaka mimi nimruhusu. Sikupata kujua. Nilisimama na simu ile mpaka kioo chake kikazimika.

Kisha nikaenda barazani, na kwa mara ya kwanza tangu aoe nikamtazama mkwe wangu usoni. Alikuwa mdogo wa umri kuliko kikohozi chake. Alitaka kuinuka, nikamwonyesha kwa mkono abaki. Binti yangu akaja akasimama nyuma ya kiti cha mumewe.

"Liseme," nikamwambia.

Alimtazama mkewe, kisha akanitazama mimi. Akalitamka mara moja, polepole, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mtoto mchanga, na sote watatu tulijua kwamba hakuwa ananiita mimi.